Sanduku Lililongoja Urusi

Kila Jumapili, ibada ikiisha, wageni walipanda ngazi za nyumba yetu ya kupanga pale Passy, mtaa wa Paris, kuja kutazama sanduku. Picha zilizokuwamo hawakuziona, maana sanduku halikufunguliwa. Walitazama sanduku. Majenerali wa Urusi, wakimbizi kama sisi, waliogeuka madereva wa teksi za Paris, pamoja na wake zao wanaoshonea watu kofia, wote walikaa na vikombe vya chai magotini. Naye Kontesa Zinaida Arkadyevna Ozerskaya, ambaye sisi watumishi tulimwita Bibi Mkubwa, aliwasimulia huku ananyoosha kidole.

"Hapa, upande wa kushoto, amelala babu wa marehemu mume wangu na nishani zake zote. Chini yake ni bahari yenye dhoruba. Na hapa katikati, wapendwa, yupo Mwanamke wa Malimau. Mholanzi aliyemchora alikufa hana hata kitanda."

"Aa, malimau yale!" jenerali mmoja alisema huku amefumba macho. "Kontesa, naisikia harufu yake."

Muongo. Hakuwahi kuyaona. Mimi niliyaona. Mimi ndiye niliyezikata zile picha kutoka kwenye fremu kwa kisu cha kukatia hatamu, kwa sababu nilikuwa mwendesha farasi wa nyumba ile na hapakuwa na mwingine mwenye kisu kikali. Bibi Mkubwa alisimama nyuma yangu anasema, "Taratibu, Yefim, taratibu, shenzi wewe," na mabomu ya wanamapinduzi yanalia mjini.

Aliyezibeba ni mke wangu Glafira. Alizikunja, akazizungushia kitambaa kilichopakwa nta, akashona kwa uzi wa viatu, kisha akajifunga mzigo ule tumboni chini ya sketi kama mwenye mimba. Alitoka nao Petersburg hadi Krimu. Njiani wanajeshi walimsukuma, mmoja alimpiga teke pale pale tumboni, akalia kama mama anayepoteza mtoto, wakamwachia. Kule Sevastopoli tulipanda meli. Wakubwa walichukua vyumba vya ndani pamoja na mbwa zao. Sisi tulilala juu, kwenye mvua. Glafira alivua koti lake la ngozi ya kondoo, akaufunika mzigo, yeye akabaki na blauzi. Siku zote za safari. Kikohozi alikipatia pale, na hakikumtoka tena.

Wakubwa wale walikuwa na nchi nzima mikononi, wakaiacha kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye treni. Halafu wakatukabidhi sisi tubebe mwavuli.

Tulipofika Paris, Bibi Mkubwa aliapa mbele ya picha takatifu ya Mama wa Mungu kwamba ule uzi utakatwa nyumbani, Petersburg, ukumbini kwake, si mahali pengine popote. Kuukata huku ilikuwa ni kukubali kwamba haturudi. Basi mzigo ukawekwa sandukuni, sanduku likawekwa chumbani kwake kando ya bomba la moto linalopasha nyumba, kwa kuwa pale ndipo picha takatifu ilipotundikwa. Huo ndio ulikuwa msumari pekee ukutani. Mingine ilipigwa marufuku. Tulikaa miaka na miaka kati ya kuta tupu, kama watu wa stesheni. Kila Pasaka aliligusa sanduku na kusema, "Mwakani, nyumbani." Sote tukajibu, "Mwakani, nyumbani."

Glafira alijibu kwa sauti kuliko wote. Bibi Mkubwa alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo ya kukata uzi atakata yeye, kwa mkono wake, mbele ya watu wote. Aliuhifadhi mkasi wake mdogo kwa ajili hiyo. Hakukatia kitu kingine.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda cha magari, tanuruni, na Jumapili nawamiminia chai majenerali bila malipo. Mwaka ule, majani yalipoanza kudondoka, Glafira alikohoa damu kwenye taulo la Bibi Mkubwa. Daktari wetu, Mrusi mwenzetu, alimsikiliza mgongo, akaniita nje koridoni.

"Ana kifua kikuu, Yefim. Kuna hospitali kule milimani, Savoa. Wengine wanapona."

"Na akibaki hapa?"

"Hapa ataondoka na baridi hii."

Hospitali ile haikuwa ya watu wa tanuruni. Nilijua pa kwenda. Nilivaa koti la kanisani, nikaingia sebuleni kwa Bibi Mkubwa. Mwanawe Rostislav Pavlovich alikuwepo, anachonga kucha. Tulimwita Bwana Mdogo, ingawa mvi zilikuwa zimemjaa.

"Bibi Mkubwa, naomba uuze picha moja. Ile ndogo tu. Ya malimau."

Bwana Mdogo alicheka. "Mama, umesikia? Ile ndogo! Utadhani anachagua kitunguu sokoni."

"Nyamaza, Rostik," mama yake alisema. Kisha akanigeukia kwa sauti laini. "Yefim, unajua nampenda Glasha wako kama mwanangu wa kumzaa."

"Najua, mama."

"Lakini mali ile si yangu. Ni ya Urusi. Mimi ni mlinzi tu. Wataka niiibie Urusi?"

"Urusi haitemi damu, Bibi Mkubwa."

"Amelewa huyu," Bwana Mdogo alisema.

Sikuwa nimelewa. Bibi Mkubwa aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na chupa ya jamu ya rasiberi. Ilikuwa imeshaliwa nusu, na kijiko kilikuwa kimeacha njia katikati.

"Mpe hii anywee na chai. Mwambie avumilie hadi masika. Mwakani tuko nyumbani, hewa ya nyumbani itamponya. Nimeapa, Yefim. Kiapo ni kiapo."

Nilipanda darini, kwenye chumba chetu, na ile chupa. Nilidhani Glafira atalia. Alikasirika, lakini alinikasirikia mimi.

"Umekwenda kumwomba nini? Fima, umenitia aibu!"

"Nimeomba uishi."

"Nilizibeba mimi! Mgongo wangu huu! Zikiuzwa kwa Wafaransa, mimi nilibeba nini? Magunia?" Alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Alipopata pumzi akafungua jamu, akalamba kijiko, akatabasamu. "Ya kwake mwenyewe hii. Amenipa ya kwenye kabati lake."

Kabla ya Krismasi akajitokeza mama mmoja wa Kimarekani, Bi Pruett, mjane wa tajiri wa nyama za makopo. Alitaka kuwa kontesa, na Bwana Mdogo alitaka kula vizuri, kwa hiyo mambo yalikwenda haraka. Ila mama yule hakutaka hadithi za Jumapili. Alikaa mbele ya sanduku, akasikiliza mpaka mwisho, akasema jambo kwa lugha yake.

Bwana Mdogo akatafsiri. "Mama, anasema ni vizuri sana. Sasa anaomba lifunguliwe."

Nilisimama na birika mkononi, nikamtazama Bibi Mkubwa. Nilikuwa na furaha, Mungu anajua. Nilisema moyoni, sasa utaona mwanamke mwenye kiapo.

Aliitwa padri. Walikaa chumbani muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, na walipotoka kiapo kilikuwa kimeshaondolewa. Kile kilichokuwa chuma kwa Glafira kilikuwa siagi kwa mama wa nyama za makopo.

"Bibi Mkubwa," nilisema, "nimwite Glafira? Uliahidi angekata yeye. Naweza kumbeba hadi hapa."

"Aje kumkoholea mgeni? Lete kisu cha mkate."

Bwana Mdogo alikata uzi kwa kisu cha mkate. Harufu ikatoka, harufu ya pishi lililoingia maji. Picha zilikuwa zimegandana. Bibi Mkubwa akasema zivutwe taratibu. Zikavutwa, na ikasikika sauti kama mtu anayekanyaga barafu nyembamba. Babu wa nishani alibaki mgongoni mwa bahari. Bahari ikadondoka yenyewe. Mwanamke wa Malimau alifunguka wa mwisho, na tukamwona kwa dakika moja, uso, shingo, kisu chake kidogo. Halafu akaanza kubanduka kama samaki anayeparwa, magamba yakamwagika kwenye zulia, ya njano, ya buluu, ya rangi ya ngozi.

Bi Pruett aliuliza kitu.

"Anasema nini?" Bibi Mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anauliza," Bwana Mdogo alijibu, "kama hivi ndivyo zinavyotakiwa ziwe."

Mama yule alivaa glavu zake. Bwana Mdogo alimfuata hadi chini barabarani, akarudi peke yake.

Kesho yake aliitwa fundi wa picha, Mfaransa mzee mwenye miwani. Aligusa bomba la moto, akagusa sanduku, akatikisa kichwa. Alisema zimekaa kwenye joto na unyevu, zimekunjwa rangi ndani. Zingetandazwa ule mwaka wa kwanza zingepona zote. Zile kubwa zimekwisha. Ile ndogo labda, kwa kazi ya mwaka mzima, mradi lisipotee hata gamba moja.

Nilipiga magoti nikaokota. Bibi Mkubwa alisema tafuta chombo, nami chombo nilichokuwa nacho kilikuwa ile chupa ya jamu, Glafira alikuwa ameshaimaliza. Malimau yote yakaingia mle.

"Nani alishona ule mzigo?" Bibi Mkubwa aliuliza ghafla.

Sote tulijua.

"Maji ya bahari yalipita kwenye mshono," alisema.

"Mama, fundi amesema ni bomba..."

"Fundi hakuwa melini!"

Baada ya Krismasi Glafira alipelekwa hospitali ya maskini, wodi ndefu yenye vitanda vilivyobanana. Sikumwambia lolote kuhusu picha. Nilimwambia Pasaka inakaribia. Siku moja nilikuta Bibi Mkubwa ameketi kando ya kitanda chake, na kofia yake nyeusi. Hakuwahi kuja kabla. Glafira alikuwa anajitahidi kukaa wima, maana hakuweza kulala chali mbele ya bibi yake.

"Glasha, nimekuja kukusamehe."

"Nimekosa nini, mama?"

"Zimeharibika. Zote. Mshono wako uliingiza maji. Lakini mimi ni Mkristo, nimekusamehe."

Glafira aliuchukua mkono ule wenye pete akaubusu. "Nilizifunika kwa koti langu, mama. Nilizifunika."

"Hukuzifunika vizuri, mwanangu."

"Usimsikilize, Glasha!" nilisema. Wagonjwa waligeuka. "Ni bomba la moto! Ni kiapo chake! Fundi kasema!"

Mke wangu alinitazama kama anavyotazamwa mlevi kanisani. Tangu azaliwe alikuwa amefundishwa kuwaamini wale, na siku chache zilizobaki hazikutosha kumfundisha jingine. Alimwuliza Bibi Mkubwa jambo moja tu.

"Nani alikata uzi?"

Bibi Mkubwa alirekebisha kofia yake, akasema amechelewa ibada.

Glafira aligeukia ukutani. Hakula tena. Vidole vyake vilikuwa vikienda juu ya blanketi, vinaingia na kutoka, anashona. Nilimshika, vikaendelea ndani ya mkono wangu. Alikufa anashona upya.

Asubuhi ya mazishi Bibi Mkubwa aliniita, akanikabidhi ile chupa ya jamu, imefungwa kwa leso. "Kwa kuwa unapita njia hiyo hiyo, ukitoka makaburini mpelekee fundi. Turubai la picha tumeshampelekea. Shika kwa mikono miwili."

Nilishika kwa mikono miwili. Nilitembea nyuma ya jeneza la mke wangu nimebeba malimau ya Kontesa.

Sisi tuliokimbia tuna desturi. Kila familia ina kifuko cha udongo wa nyumbani, na mtu akifa ugenini hutiwa kidogo juu ya jeneza ili alale chini ya udongo wake. Kifuko cha familia ya Kontesa alikibeba Glafira vile vile, shingoni, pamoja na msalaba. Bibi Mkubwa alikifungua pale kaburini, akaingiza vidole viwili, akachungulia ndani. Kisha akavikung'uta vidole mle mle, akafunga kamba.

"Umebaki kidogo," alimnong'oneza padri. "Na familia bado ipo. Glasha angeelewa."

Wachimba kaburi, Wafaransa wawili, walikuwa wameshaegemea makoleo yao, wanangoja turushe kitu.

Nilifungua leso, nikafungua chupa. Nilinyoosha mkono juu ya kaburi, nikaigeuza. Magamba hayakudondoka mara moja, yalikuwa mepesi, yalizunguka kwenye upepo yakang'aa, njano, buluu, kisha yakatua juu ya ubao wa jeneza na juu ya tope. Yaliyonasa kwenye utando wa jamu uliobaki chini niliyachokoa kwa kidole.

"Yefim!" Bibi Mkubwa alipiga kelele. "Yefim, ndiyo yaliyobaki!"

"Aliyabeba akiwa hai, mama. Acha ayabebe."

Alianguka magotini kwenye udongo mbichi. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiokota hata leso yake mwenyewe, aliingiza mikono kaburini hadi mabegani, anakwangua kingo za shimo, anapata tope na kokoto, anazitazama kiganjani, anazitupa, anakwangua tena. Kofia ilimdondokea shimoni. Bwana Mdogo alimvuta kwa koti, anasema, "Mama, watu wanatazama." Majenerali wa teksi walitazama viatu vyao.

Mchimba kaburi mmoja alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mfiwa. Aliuliza waendelee au wangoje.

"Endeleeni," nilisema.

Udongo wa koleo la kwanza ulimwangukia Bibi Mkubwa mikononi.