Mwayo wa Fundi Saa

Mama Pindo alikuwa anapachika zipu kwenye gauni la mteja aliposikia redioni habari iliyomharibia siku. Ilisomwa katikati ya hali ya hewa na matokeo ya mpira, na yule mtangazaji anayecheka hata akitangaza ajali. Eti kuna watafiti waliokaa mwaka mzima wakipigiana miayo, wakagundua kwamba mwayo huambukiza wapendanao. Ukipiga mwayo mbele ya mtu naye akakaa kimya kama ukuta, basi huyo hana habari na wewe. Mwanasaikolojia aliyealikwa studio akakazia: "Mdomo ukisema unaweza kudanganya. Mdomo ukipiga mwayo haudanganyi."

Mguu wa Mama Pindo ukasimama juu ya pedali.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona pindo lake limefumuka. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kazi mbili: upande wa mlangoni cherehani na marobota ya vitambaa, upande wa ndani meza ya mumewe, Fundi Saa, mwenye kioo cha kukuzia kilichobana jichoni kutwa nzima kama amezaliwa nacho. Miaka ishirini na miwili ya ndoa. Mama Pindo akajaribu kukumbuka ni lini alimwona mume huyu akipiga mwayo. Arusini, hapana. Msibani, hapana. Hata kwenye kile kikao cha wazazi shuleni, ambako mwalimu mkuu mwenyewe alipiga miayo katikati ya hotuba yake, Fundi Saa alikaa wima, macho makavu.

Akageuza kiti, akafumbua kinywa, akapiga mwayo wa haja.

Fundi Saa akainua kichwa. "Umechoka, mama watoto?"

"Wewe hujisikii chochote?"

"Nasikia njaa." Akainuka. "Ngoja nikaangalie kama bomba la uani limefungwa."

Wakati wa chakula akampigia mitatu, wa tatu mrefu mpaka machozi yakamtoka. Mume akaweka kijiko chini, akasema anakwenda kuangalia bomba.

"Bomba gani hilo? Lina homa?"

"Linavuja," akajibu akiwa tayari mlangoni.

Wiki nzima Mama Pindo alifanya utafiti wake. Msoma mita za maji alipiga. Mwalimu aliyekuja kuchukua gauni alipiga, akaomba radhi, akapiga tena. Mchungaji aliyekuwa anapita tu njiani alisimama, akapiga, akaendelea na safari yake. Dunia nzima ilimpenda, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye baba wa watoto wake watatu.

Jumamosi akaja mama mkwe. Huyu alikuwa bibi mwembamba, mgumu kama kamba iliyolowa ikakauka. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina wala kwa cheo. Alimwita "huyu." Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akaanza kukagua mishono. Mama Pindo, ambaye siku hiyo hakuwa anajaribu lolote ila hakuwa amelala kwa mawazo, akapiga mwayo. Papo hapo mama mkwe akafumbua kinywa mpaka fizi za nyuma zikaonekana.

Mama Pindo akaacha mkasi. "Mama! Kumbe unanipenda?"

"Nani kasema?"

"Umepiga mwayo."

"Mbu walinisumbua jana."

"Usijitetee, mama. Sayansi imesema."

Bibi akaangalia huku na huku kama mtu aliyekamatwa ndani ya shamba la watu. "Basi," akasema hatimaye, "kidogo. Lakini usitangaze."

Hapo Mama Pindo akaangua kilio, akaeleza yote: redio, watafiti, bomba. Mama mkwe akasikiliza, uso ukimbadilika.

"Ni kweli," akasema. "Mwanangu hajapiga mwayo tangu akiwa kidato cha pili. Mimi nilidhani ni nidhamu." Akageukia meza ya ndani. "We baba! Toa hicho kioo jichoni, njoo hapa."

Fundi Saa akaja, bisibisi bado mkononi. Pale mlangoni palikuwa na mteja mmoja, karani wa posta, aliyekuwa anasubiri saa yake. Alipoona mambo yameiva, akakaa vizuri.

"Nakuuliza mbele ya mama yako," akasema Mama Pindo. "Unanipenda, hunipendi?"

"Nakupenda."

"Basi piga mwayo."

"Mke wangu, niombe kitu kingine. Chochote."

"Sitaki kingine."

Akapiga yeye. Mama mkwe akafuata. Karani wa posta naye hakubaki nyuma. Fundi Saa akakaza meno. Pua ikatanuka, masikio yakacheza, macho yakajaa maji, shingo ikatoka mishipa. Alishikilia kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Akautazama mlango wa uani, lakini mama yake alikwishasogeza kigoda akakaa hapo, akauziba.

Mama Pindo akageuka, akaanza kukunja gauni ambalo halikuhitaji kukunjwa. "Basi," akasema taratibu. "Nimeelewa."

Ile sauti ndiyo iliyommaliza. Bisibisi ikaanguka sakafuni, kinywa kikafunguka, na mwayo wa miaka thelathini ukatoka wote kwa mpigo, na mlio ndani yake kama lori linalopanda mlima. Mama Pindo akaanza kutabasamu. Kisha kitu kikalia *ko!* karibu na sikio la mumewe, na kinywa hakikufunga tena.

"Inatosha sasa," akasema mama mkwe. "Tumeona."

"Aaa," akasema Fundi Saa.

Alikimbilia mezani, akachukua penseli, akaandika nyuma ya karatasi ya mteja kwa zile herufi zake ndogo za kifundi. Mama Pindo akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Taya hutoka. Lilitoka shuleni, somo la jiografia. Wakaniita Kiboko mpaka namaliza. Nikipiga mwayo lazima nilishike kwa mikono miwili, na sikutaka unione hivyo. Kila ulipopiga, na mimi nilipiga. Uani."

Mama Pindo akaisoma tena, safari hii kimya. Halafu akamshika mumewe mashavu kwa viganja viwili, kinywa kikiwa wazi vilevile, akambusu puani, kwa sababu kwingine hakukuwa na pa kubusu.

Hospitalini ikawa kazi. Kila aliyemtazama Fundi Saa alidhani anapiga mwayo, akapiga. Benchi zima la wagonjwa lilipiga kwa zamu, kutoka mwenye mguu wa plasta hadi mama mjamzito. Mwandikishaji alishindwa kumaliza kuandika jina. Daktari aliingiza vidole gumba kinywani, akaanza kupiga miayo yeye, akaacha, akaanza upya, na mwishowe akalirudisha taya huku ameangalia ukutani kwenye picha ya mfumo wa figo.

"Asitafune, asiongee, wiki mbili," akasema akijifuta machozi. "Na kubwa kuliko yote, asipige mwayo."

"Hatapiga," akajibu Mama Pindo kama askari.

Akabandika tangazo kwenye mlango wa duka kwa herufi kubwa: HAKUNA KUPIGA MIAYO HUMU NDANI. Kila aliyelisoma akapiga. Akalichana kabla ya saa sita.

Tatizo lililobaki lilikuwa bandeji. Ilikuwa nyeupe, imezunguka kutoka kidevuni hadi utosini, na mteja wa kwanza kuingia Jumatatu alipomwona Fundi Saa ametulia nyuma ya meza alivua kofia, akampa Mama Pindo pole ya msiba. Mama Pindo hakulivumilia hilo. Akachukua kipande cha pazia kilichobaki, cha maua mekundu, akakata, akashona, akatia kifungo pembeni ya sikio, akamvalisha mumewe. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameondoka wala hakuonyesha dalili, akasema sasa angalau anafanana na mtu.

Msichana wa saluni ya jirani akampiga picha, akairusha mtandaoni. Hakuna ajuaye yule msichana aliandika nini chini yake. Ila Jumatano asubuhi, Mama Pindo alipofungua duka, alikuta watu saba kwenye ngazi, wote vijana, wote wazima wa taya. Wa mbele, dada mwenye miwani ya jua, akauliza kama kile kitambaa cha kidevu kinapatikana cha zambarau.

Mama Pindo akamtazama mumewe. Fundi Saa, ambaye hakuruhusiwa kusema, akainua mabega.

Mama Pindo akachukua futi, akampima yule dada kutoka kidevuni hadi utosini, akamwambia apite Ijumaa.