Nipe Sayari

Kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa, watu wazima watatu wenye mvi walikutana kupokonyana sayari. Mchezo wao ulikuwa ndugu wa kitendawili. Mmoja hutega swali kutoka katika riwaya au filamu za sayansi ya kubuni, na mwenzake akishindwa, badala ya kuombwa mji, huambiwa, "Nipe sayari," naye hana budi kuitoa. Kufungua kitabu kulikuwa haramu, kuchungulia simu vilevile. Neno la mtega swali lilikuwa la mwisho, kwa kuwa waliamini hakuna muungwana atakayetega asichokijua.

Mwenye chumba alikuwa Mfamasia, mtu mpole ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Wa pili alikuwa Fundi Friji, aliyeweza kugandisha vya watu wote isipokuwa ulimi wake mwenyewe. Wa tatu, ambaye habari hii ni yake, alikuwa mkaguzi wa vipimo. Alipita madukani na mawe yake ya shaba kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Wenzake walimwita Mizani, na jina hilo alilivaa kama nishani.

Jumamosi moja Mizani alitega. "Katika ile riwaya ya chombo kilichobeba watu waliolala, roboti mtunza bustani anapozimwa, neno lake la mwisho ni lipi?"

Mfamasia hakumeza hata mate. "Anaomba mche wa mwisho umwagiliwe."

"Umekosa. Anauliza ni saa ngapi."

"Hapana, ndugu yangu. Ukurasa ule nauona. Ni mche, na kopo la maji bado liko mkononi mwake."

"Nimesema umekosa. Nipe sayari."

"Mpe, bwana!" Fundi alidakia. "Mizani akisema umepungua, umepungua. Utabishana na jiwe la kilo?"

Mfamasia alifuta miwani isiyokuwa na vumbi. "Basi chukua Zuhali," alisema taratibu. Zuhali na pete zake aliipenda kuliko zote, na hakuna aliyewahi kumpokonya. Kisha akaongeza kama anayesema peke yake, "Mama yangu alianza kupotewa na akili hivihivi. Hakuanza kwa kusahau. Alianza kwa kuwa na hakika ya mambo ambayo hayakuwapo."

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha. Mizani hakucheka, lakini pia hakuuliza.

Jioni ile, mkewe akiandaa meza, Mizani alikitoa kitabu rafuni ili auonje ushindi wake mara ya pili. Ukurasa ukamsuta. Roboti aliomba mche wa mwisho umwagiliwe. Aliyeuliza saa alikuwa nahodha, tena sura mbili mbele.

"Mbona umekauka hivyo? Umeona nyoka?" mkewe aliuliza.

"Nimekosea mahali. Kidogo tu."

"Wewe? Ukosee? Ngoja niite majirani waje washuhudie!"

Ulikuwa utani wa nyumbani, lakini ulimgusa penye kidonda. Aliazimia kulisema jambo hilo hadharani Jumamosi iliyofuata. Siku ilipofika, Fundi alimpokea kwa kelele, "Karibu, jiwe la kilo lisilolika!" na azimio likarudi tumboni lilikotoka. Jumamosi ya pili aliona limechacha. Ya tatu aliona aibu ya kuchelewa imeshakuwa kubwa kuliko aibu ya kukosea. Kosa likilala usiku mmoja ni kosa. Likilala mwezi limekuwa tabia.

Wakati huo Mfamasia alikuwa akibomoka mbele ya macho yao. Alihesabu vidonge mara ya pili, kisha ya tatu, wateja wakiguna kwenye foleni. Alibandika vikaratasi kwenye droo za dawa alizozijua tangu ujanani. Mchezoni hakubisha tena. "Sina hakika," alisema hata kwa maswali ya kitoto, akatoa Mirihi, akatoa Zuhura, akatoa Mshtarii, kama mtu anayegawa vyombo vya nyumba anayohama. Mizani alizipokea zote, na kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Siku moja kazini alimkamata muuza nyama aliyekuwa amegandisha kipande cha chuma chini ya sahani ya mizani yake.

"Mzee wangu, nisamehe," muuza nyama alisihi. "Mungu shahidi, nilikusudia kukiondoa kesho."

"Kesho ipi?" Mizani alifoka, na swali likamrudia mwenyewe. Alimtoza faini kama sheria inavyotaka, akaondoka bila kumtazama usoni.

Fundi alimpigia simu siku hiyohiyo. "Umesikia? Jamaa anauza duka."

"Anauza? Kwa nini?"

"Anaogopa. Anasema mkono wake utampa mtoto wa mtu sumu kabla kichwa hakijajua. Mnunuzi anakuja kesho mchana kutia saini. Na unajua anachokitaja? Swali lako lile la roboti. Eti hapo ndipo alipojijua."

Asubuhi Mizani alitoka na kitabu kwapani. Njiani alipanga maneno yake: nimekipitia leo, kumbe ulikuwa sahihi. Ulikuwa uongo mdogo sana. Ungeliokoa duka, na heshima yake ingebaki bila mkwaruzo.

Mfamasia alikuwa akifuta rafu. Mizani akakiweka kitabu wazi juu ya kaunta. "Soma hapo."

Alisoma kidole kikifuata mstari. Akarudia. "Mche," alisema. "Nilisema mche! Si nilisema mche?"

"Ulisema."

Mfamasia aliketi juu ya katoni ya dawa ya kikohozi, akacheka, machozi yakimtiririka. "Umenifufua, ndugu yangu. Ulikosea tu, binadamu si malaika. Na ulipojua tu, mbio umekuja kunieleza! Ndiyo maana tunakuita Mizani."

Uongo ulikuwa umeshasemwa tayari, tena na kinywa kisicho na hatia. Mizani hakuhitaji hata kuutamka, ilimtosha kunyamaza. Alitazama uso ule uliojaa shukrani, akaona kwamba akiipokea atakuwa ameiba mara ya pili.

"Sikujua leo," alisema. "Nilijua jioni ileile."

"Jioni gani?"

"Ile uliyonipa Zuhali."

Kicheko kilikatika. "Ukawa unakuja hapa."

"Nilikuwa nakuja."

"Vile vikaratasi kwenye droo, ulivisoma?"

"Nilivisoma."

"Binti yangu alilia kwenye simu, unajua hilo? Nilimwambia ajiandae, kwamba siku moja nitamwita kwa jina la mtu mwingine." Mfamasia aliinuka. "Mtu akipunja sukari unamfungia duka. Wewe umenipunja akili yangu mwenyewe, halafu ukakaa kwenye kiti changu ukinitazama ninavyoitafuta."

"Sina la kujitetea."

"Basi usijitetee."

Alichukua simu akampigia mnunuzi. "Samahani sana, bwana. Duka siuzi tena. Hapana, si mambo ya bei. Mimi ni mzima." Aliikata, akaendelea kuishika. "Mimi ni mzima," alirudia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mizani alikifunga kitabu. "Nikae au niende?"

"Nenda. Jumamosi usije. Nikitaka uje nitakuita, na nisipokuita, usiniulize."

Kwenye ngazi za duka alikutana na Fundi akihema, kisanduku cha vifaa mkononi. "Afadhali umewahi! Umemzuia, sivyo? Nilijua tu. Nilimwambia mke wangu, Mizani akienda, mambo yatanyooka!"

Mizani angeweza kuitikia kwa kichwa na kupita zake.

"Weka chini kisanduku, Fundi," alisema. "Nilimdhulumu mwenzetu mbele yako, nawe ukanishangilia kwa kuwa uliniamini. Sikiliza nikueleze yote."

Fundi alianza kucheka. Akamtazama usoni, kisha akakiweka kisanduku chini.