Marekani ya Sebuleni

Mume wangu hajawahi kufika Marekani, lakini Marekani imekaa sebuleni kwangu miaka kumi na moja. Ilianza na kichwa kimoja cha treni, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zawadi ya mwalimu wa Kimarekani aliyekuja kuwafundisha madereva wetu vichwa vipya vya dizeli. Mwalimu akaenda zake, kichwa kikabaki, na mume wangu akasema hakiwezi kukaa bila reli. Nikamruhusu reli kidogo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza katika habari hii, na ndilo dogo kuliko yote.

Mwaka wa tatu kochi langu kubwa lilihamia barazani. Mwaka wa tano alitoboa ukuta ili njia iingie chumbani, ipite chini ya kitanda, izunguke kabati na kurudi sebuleni kwa tundu jingine. Nilipiga kelele, nikanuna wiki nzima, nikashindwa. Mtu aliyetengeneza misonobari mia nne kwa waya na unga wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, akiuchekecha kwa chujio langu la chai, huwezi kumshinda kwa kununa.

Na ilikuwa nzuri, nisiseme uongo, Marekani ndogo aliyoiiga kwenye picha. Daraja refu lilijengwa kwa vijiti vya aiskrimu. Kulikuwa na kinu cha kupasua magogo, tangi la maji lenye miguu minne, na mji mdogo wenye duka moja na bendera ya ukubwa wa stempu. Milima ilitokana na yale mapovu magumu meupe yanayokuja ndani ya katoni za televisheni, akayachonga kwa kisu na kuyafunika vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta. Majirani walimwita Amerika. Mimi kazini naitwa Mama Yadi, kwa kuwa ni msimamizi wa zamu kwenye yadi ya kupanga mabehewa. Mimi napanga treni, yeye anaivuta, na tulikuwa tukitaniana kwamba shirika zima la reli linalala kitanda kimoja.

Miezi mitano iliyopita treni aliyokuwa anaiendesha kazini, si ya sebuleni, ilianguka kwenye Kona ya Machimbo, mahali ambapo njia inapinda huku inapanda. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Mabehewa matatu yalitoka relini yakalala upande wa ndani wa kona, na upande huo alikuwa amesimama mkaguzi wa njia, mtu wa makamo, amejitenga kupisha treni kama alivyofanya kila siku. Mume wangu alishuka mbio, akamwona yule mtu, na hakuona kitu kingine. Alimshika mkono mpaka akakata roho. Kisha wakamchukua kwenda kuhojiwa, kreni ikaja ikaburuta vyuma vyote kando ili njia ifunguliwe, na hakuna aliyeandika behewa lipi lilikuwa wapi.

Kamati ya uchunguzi ikasema dereva alikimbiza treni. Kifaa cha kurekodi mwendo kilikuwa kimekufa tangu zamani, kwa hiyo hakuwa na ushahidi zaidi ya mdomo wake. Akawaambia treni ikikimbia kwenye kona, mabehewa hurushwa nje, na haya yameanguka ndani. Wakaandika kidogo, wakaangalia saa. Wakamsimamisha kazi na kusema faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na likifika huko ni jela. Aliomba jambo moja tu, waje nyumbani awaonyeshe kwa treni yake ndogo, waone kwa macho yao. Nadhani walikubali kwa kumwonea huruma. Wakapanga kuja Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, na faili lingeondoka Jumatatu.

Basi akavunja nusu ya Marekani. Mji ulikwenda, kinu kikaenda, misonobari ikaingia kwenye ndoo. Mahali pake akajenga Kona ya Machimbo, kipimo kwa kipimo, kwa ramani za njia alizopewa na rafiki yake wa ofisi ya uhandisi. Mwinuko aliupima kwa mpira wa maji uliojazwa na kusimamishwa ncha mbili. Mabehewa aliyapima uzito mmoja mmoja kwenye mizani yangu ya jikoni. Ya tangi aliyajaza mchanga na boliti mpaka yakawa mazito inavyotakiwa, na yale marefu tambarare, matupu, akayaacha mepesi. Kisha akayapanga kufuata orodha ya siku ile, karatasi ya yadi inayosema behewa lipi linafuata lipi, mazito mbele, matupu matatu mkiani. Orodha ilikuwa na sahihi yangu.

Na orodha ile ilikuwa uongo.

Sheria inasema mabehewa mazito yakae karibu na kichwa. Lakini kituo cha kwanza baada ya kona ni cha machimbo, na msimamizi wake ana kituo chembamba, hana nafasi ya kugeuzageuza. Akihitaji mabehewa matupu hupiga simu yadi na kuomba yawekwe mbele kabisa, ayakate pale pale nyuma ya kichwa, treni iendelee. Tumemfanyia hivyo miaka yote, na hakuna anayeandika popote. Asubuhi ile alipiga simu nikiwa nimeshachapa orodha. Nilimpungia mkono mfanyakazi wangu, naye akayatoa yale matatu mkiani akayaleta kichwani. Sikuchapa upya, chai yangu ilikuwa inapoa. Mume wangu alikuja kwenye ukungu, akachukua karatasi dirishani kwangu, akaiweka mfukoni, akaondoka.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi yadi anajua hatari yake. Zungusha uzi kwenye ukingo wa sahani, shika ncha moja, vuta nyingine, uzi utakatiza ndani. Kichwa kinavuta juu, mzigo mzito nyuma unang'ang'ania chini, na chochote chepesi kilicho katikati kwenye kona kinavutwa kuelekea ndani. Nilijua tangu nilipoambiwa yameanguka upande gani. Nilijua kabla hajarudi nyumbani.

Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili nilijiambia watamwachia tu, mtu ana miaka ishirini na sita bila doa. Wiki ya pili niliitwa mbele ya kamati nikasema, "Orodha ndiyo hii," na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Msimamizi wa machimbo alinyamaza. Mfanyakazi wangu alistaafu akahama, hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa mwoga, basi. Nimetafuta neno jingine la kujiita na sijalipata.

Kwa hiyo mume wangu aliendesha treni yake kuzunguka kona ile mamia ya mara, na haikuanguka. Alizungusha polepole kitufe cha transfoma inayotia umeme relini, treni ikapanda ikapita. Akaongeza mwendo, ikapita. Akaongeza mpaka mwisho, mabehewa ya mkiani yakarushwa nje na kugonga ukuta wa sebule, kama alivyoiambia kamati kwamba treni ya mbio ingefanya. Akang'oa reli akazilaza upya. Akaongeza mwinuko, akapunguza. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, akalitoboa kwa msumari ule ule wa reli.

Mimi nilimshikia mbao akikata. Nilimpa misumari. Nilichanganya plasta kwenye beseni nikiwa nimepiga magoti kando yake, na akanishukuru, akasema wake wengine wangekuwa wameshachoka.

Mara moja nilijaribu, kwa kuzungukazunguka kama mwizi wa kuku. "Kwa nini usibadilishe mpango wa mabehewa?" nikamwambia. "Uone tu."

Hakuinua hata kichwa. "Nibadilishe kwa nini? Orodha si umeandika wewe?"

Nikaenda jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia.

Ijumaa mchana nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza ya reli zake, transfoma imezimwa. Mapajani alikuwa na karatasi ameiandika kwa mkono.

"Soma," akasema. "Angalia kama nimekosea tahajia."

Aliandika kwamba yeye, dereva wa daraja la kwanza, anakiri kwamba huenda alisinzia, na kwamba treni ilizidi mwendo bila yeye kujua. Aliomba kamati isipoteze muda wake.

"Hukusinzia," nikasema.

"Umejuaje? Ulikuwa na mimi?"

"Nakujua."

"Nilikuwa najijua pia." Alisugua macho kwa kiganja chenye plasta. "Nimejenga kila kitu kilivyo. Hakuna nilichoacha. Njia ni ile, uzito ni ule, mpango ni ule. Haianguki ndani. Sasa mimi na hii meza, nani muongo? Nimekaa hapa nikajiuliza hivyo, na nimeanza kukumbuka nikisinzia. Kweli nakumbuka. Nakumbuka kichwa changu kikishuka."

Hakuna kitu kilichowahi kuniumiza kama kumsikia akikumbuka jambo ambalo halikutokea. Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema chakula kitakuwa tayari baada ya muda kidogo.

Jumamosi alivaa suti. Alinyoa, akajikata kidevuni, akabandika kipande cha karatasi ya chooni. Barua ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa koti, na ilikuwa saa mbili na nusu. Alizunguka meza akifuta vumbi kwenye reli kwa kitambaa, akiandaa nyumba kwa ajili ya wageni kama mtu asiye na shida, na alipofika kwenye kona alisimama akaweka kidole mahali pale ambapo mkaguzi alikuwa amesimama. Alikuwa ameweka pale mwanasesere wa ukubwa wa kidole gumba. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nikatambua anamwomba radhi.

Mguu wangu ndio ulioamua, mimi bado nilikuwa naogopa. Nilikwenda mkiani mwa treni, nikayanyanyua yale matatu matupu na kuyabeba kifuani kuelekea mbele. Nikafungua kiunganishi nyuma ya kichwa, nikayapachika moja, mbili, tatu, nikaunganisha matangi nyuma yake. Nimepanga treni miaka kumi na tisa, na hii ndiyo niliyoipanga kwa uangalifu zaidi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Endesha."

"Hiyo siyo orodha."

"Endesha tu. Mwendo ule ule wa kawaida."

Akanitazama. Kisha akazungusha kitufe taratibu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuondoka kituoni bila kumwamsha abiria. Kichwa kikavuma, kikaanza kupanda. Matangi yakavutana nyuma. Katikati ya kona behewa la pili likanyanyua magurudumu yake ya upande wa nje, likasita, likalala ndani, likawavuta wenzake. Mwanasesere akaanguka kifudifudi chini yao.

 Nilidhani angecheka au angelia kwa furaha, kwa kuwa hiki ndicho alichokuwa anakitafuta kwa miezi mitano. Aliinama akanyanyua behewa moja, akalipindua, akaangalia magurudumu yake, akalirudisha chini lilipokuwa.

"Msimamizi wa machimbo alipiga simu," akasema. Halikuwa swali.

"Alipiga."

"Wewe ukayaweka mbele."

"Mimi."

"Na orodha?"

"Sikubadilisha."

Akatikisa kichwa polepole, juu chini, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Nilianza kusema niliogopa, nilidhani watamwachia, nilitaka kusema kila siku. Akainua mkono kunikatiza.

"Nilikwenda kwa mjane wa mkaguzi," akasema. "Mwezi uliopita. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia mimi ndiye niliyemuua mume wake. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake. Ulijua nakwenda wapi siku ile?"

"Nilijua."

"Ulinipigia pasi shati."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nisichelewe."

 Nje gari lilisimama, milango miwili ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Tulisikia viatu kwenye kokoto za uani, na sauti ya mwenyekiti wa kamati akimwambia mhandisi wake kwamba hawatakaa zaidi ya dakika kumi.

Mume wangu alitoa barua mfukoni, akaitazama, akaiweka mezani karibu na transfoma bila kuichana. Kisha akatoka nyuma ya meza, mahali ambapo ni yeye peke yake aliyesimama kwa miaka kumi na moja, na akanionyesha kwa kidevu nipite.

"Yarudishe relini," akasema. "Kama ulivyoyapanga wewe."

"Sijui kuendesha."

"Utajua."

Nikayarudisha, matupu matatu mbele. Magurudumu yakakataa kukaa kwenye reli, yakawa yanateleza, nikaanza upya, yakateleza tena. Hakunisaidia. Alikwenda kuwafungulia mlango, akawapa mikono, akawakaribisha kwa heshima zake zote.

"Karibuni, wazee," nikamsikia akisema. "Mke wangu ana kitu cha kuwaonyesha."