Piko ya Dada Mwamvita

Hapa Tabora mwanamke akinenepa anaambiwa ana afya. Basi dada yangu Mwamvita alikuwa na afya kuliko wote pale Cheyo, na shemeji Nurdini akatembea kifua mbele kama mwenye ng'ombe mnono.

Daktari hakuiona afya hiyo. Alimweleza dada, nami nimekaa pembeni, kwamba unene na sukari vimeharibu mishipa yake midogo ya damu, ile myembamba inayofika hadi vidoleni, ndiyo maana nyayo zimekufa ganzi. Apunguze uzito. Akague miguu kila siku, kwa sababu akipata kidonda hatasikia maumivu, na mguu unaweza kukatwa.

Dada akaacha sukari, akahamia kwenye asali, maana asali ni dawa. Nilipomwambia apunguze na wali, shemeji alinitazama kama aliyeona mchawi.

"Akikonda watu watasema ameathirika, Najiat. Na harusi ya Shamila ndiyo hii."

Kwenye harusi hiyo ya binti yake, dada alipakwa piko nyeusi miguuni, vidole vyote. Alipendeza, nisiseme uongo. Viatu vipya vilimbana asijue, akacheza mpaka ngoma ikaisha.

Piko ikaanza kufifia. Kila nilipokwenda nilimkuta amekaa, kanga imefunika miguu, chumba kimejaa moshi wa udi. Siku moja nikamsaidia kutawadha. Kidole kidogo kilikuwa bado cheusi, ilhali vingine vimerudia rangi yake.

"Hapo ilishika vizuri," akasema, kwa fahari kidogo.

Nikasugua kwa ndimu. Ngozi ikabaki mkononi mwangu, harufu ikapanda kuushinda udi. Yeye alikuwa anaendelea kunisimulia habari za bwana harusi.

Mguu wameukata chini ya goti. Nina hasira, na sijui nimmwagie nani kwanza.

Jana wanawake wa mtaani walikuja wodini kumpa pole. Dada alikuwa amejifunika shuka hadi kifuani. Mmoja akamtazama uso ulivyojaa, akamshika shavu.

"Mbona afya anayo, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," shemeji akaitikia.

"Ninayo," dada akasema, akalivuta shuka pembeni. "Itazameni."