Upande wa Babu

Muuguzi alimgeuza Bibi taratibu, akamfunua mgongo, akaona vipele vya joto vimeenea kutoka mabegani hadi kiunoni. Akaukunja mfarishi ule wa zamani wa pamba aliokuwa akijifunika na kuuweka kitini.

"Huu basi tena," alisema. "Kwa joto hili, mnampika."

Bibi hakubisha. Alilazwa chini ya shuka tupu, lakini usingizi ukamhama. Alikaa macho usiku na mchana, vidole vikipapasapapasa ukingo wa shuka kama mtu aliyeangusha sindano. Kisha akaanza kukataa chakula. Nilipomuuliza kinachomsumbua, alisema mwili umekuwa mwepesi mno, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Mimi ndiye niliyesomea ushonaji chuoni, kwa hiyo nyumba nzima ikanigeukia. Shangazi yangu hana breki mdomoni.

"Haya, msomi wetu," alisema. "Tushonee mfarishi usio na joto, kabla mama yangu hajaisha kama sabuni."

Nilikwenda kwa fundi magodoro. Nilimkuta amejifunga kitambaa puani, magunia yamemzunguka. Jasho lilikuwa likinitiririka, nikanyoosha mkono kuwasha feni.

"Wee dada, acha!" alipiga kelele. "Sufi hii ikionja upepo, tutaiokota mpaka kwa jirani!"

Nilicheka, hata aibu ikanitoka. Alinipa konzi ya kila kitu alichokuwa nacho, nami nikawa nafumba kiganja na kungoja. Sponji iliyokatwakatwa ilinisukuma vidole kama mtoto mkaidi. Nyuzi za kiwandani, nyeupe pe, zilinitoa jasho papo hapo. Pamba ilikuwa nzuri, ila mfarishi wa pamba ndio ule ule uliotufikisha hapa. Sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, ilibidi niitazame ndipo nijue bado ninayo mkononi.

"Hii," nikasema.

"Umechagua wingu," alisema fundi. "Basi lishonee mistari ya karibukaribu, maana likipata nafasi litakimbilia pembeni lote."

Nilichagua kitambaa chembamba, kilicholainishwa na kufuliwa mara nyingi, nikatandaza sufi kidogo tu, nikashona mistari ya karibukaribu kama nilivyoambiwa. Nilipomfunika Bibi, nilisimama kando kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Alishika ukingo, akavuta kidogo. Mfarishi ukamjia wote, ukajikusanya kifuani pake.

Bibi akautazama.

"Mzuri, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mchanga. "Mzuri sana."

Alisema hivyo asiniumize. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Bibi, niambie. Mfarishi una kasoro gani?"

Alipapasa ukingo wa mfarishi. "Babu yako alikuwa mwizi wa mfarishi," alisema hatimaye. "Miaka yote ile, mimi navuta huku, yeye anavuta kule. Nikivuta nikaona unakataa, najua yupo, basi nasinzia. Alipofariki, ule wa zamani ulikuwa mzito, ukining'inia upande wake. Nikiuvuta, unakataa kidogo." Akageuza uso kwa haya, kama msichana. "Huu haukatai."

Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliuchukua ule mfarishi wa zamani kitini, akaniwekea mapajani pamoja na mkasi.

"Fumua," alisema.

Pamba ya ndani ilikuwa imeshikana mabonge. Tuliianika juani, tukaichambua kwa vidole. Kwenye ukingo mmoja wa mfarishi mpya nikashona pindo pana, refu kama mto uliolazwa, tukaishindilia humo pamba ile. Pindo lingening'inia nje ya kitanda, upande wa mlangoni alikokuwa akilala Babu, bila kumgusa Bibi. Juu ya mwili wake ingebaki sufi peke yake.

"Mfarishi wenye mkia!" Shangazi alisema. "Nimeishi nikaona."

Jioni tulimfunika. Bibi alishika ukingo wa upande wake, akavuta. Mfarishi ukaja kidogo, ukasita. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Ukakataa.

"Wewe mzee," alisema, macho ameyafumba, "niachie na mimi kidogo."

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja. Tulisimama pale hatuthubutu hata kukohoa. Pumzi za Bibi zikarefuka. Vidole vyake vikalegea kimoja baada ya kingine, na mfarishi, ukivutwa na lile pindo, ukateleza polepole kuelekea mlangoni hadi bega lake likabaki nje.

Shangazi akainama amfunike. Nikamshika mkono.

"Mwache, Shangazi," nikanong'ona. "Ndivyo walivyozoeana."