Kilio cha Kubat

Mwili wa Mzee Sadyr ulilazwa ndani ya hema la sufu uani kwake, na wanaume wa ukoo, kama ilivyo desturi yao ya msiba, walisimama nje wameegemea fimbo, wakipaza kilio kila mgeni alipofika. Mwanawe wa pekee, Kubat, alikuwa Moscow kibaruani, na ndege hakuipata. Basi walimfungia simu kwenye fimbo, wakaisimamisha mahali pake mlangoni, ili naye amlilie baba yake kama wenzake.

"Baba ya... ba... wangu..." Simu ikakoroma, ikanyamaza.

Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huko mjini Kubat kajifunza kulia kwa mafungu. Wakabana kicheko.

Uulkan, aliyekuwa akikata nyama pamoja na wanawake wenzake, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyesimamia mtandao wa bonde lile. Njia ni moja, watu tele. Ikijaa, ni yeye huamua nani apite na nani angoje. Asubuhi ile bosi alitaka picha za mashindano ya farasi zitangulie vyote, wateja wakubwa wasije wakalalamika. Uulkan hakubisha. Alizishusha simu za bonde zima hadi daraja la mwisho, na huku anajua fika kuna msiba.

Simu yake ilikuwa mfukoni. Angeweza kuubadilisha mpango ule pale pale. Akafuta mikono, akaitoa. Akamfikiria bosi, akairudisha. Alipopata moyo wa kuitoa tena, jeneza lilikuwa limeshapita lango, wanaume wote nyuma yake.

Akazirudisha simu za bonde mbele, na hapo sauti ikatoka safi kabisa.

"Baba yangu, mlima wangu! Umeniachia nani?"

Kubat aliulilia ua uliobaki na wanawake na masufuria.

Mjane, Bi Batma, akatoka hemani, akamshika Uulkan mkono uliojaa mafuta.

"Najua ni wewe uliyeitengeneza, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Uulkan alitamani ardhi immeze. Angeweza kuitikia amina tu, yakaisha.

"Haikuwa imeharibika, mama," alisema, macho chini. "Mimi ndiye niliyemweka Kubat nyuma. Kwa ajili ya mashindano ya farasi."

Bi Batma akauachia mkono. Akaifungua simu kwenye fimbo, polepole, fundo baada ya fundo, akampa.

"Hajui kwamba baba yake ameshapelekwa kaburini. Mwambie wewe."

Uulkan akaiweka sikioni. Kubat alikuwa bado analia.