Mjomba wa Viatu vya Magurudumu

Nina farasi kumi na sita, kila mmoja ana miguu minne, hawali nyasi, na mvua ikinyesha wanalala ndani ya gunia. Anayeshindwa anipe mji. Lakini kama wewe ni wa Kawangware huwezi kushindwa, umeshawaona. Ni viatu vya magurudumu vya mwanangu Dalmas, jozi nane.

Dalmas alikuwa mtu wa mjengo, wa kubeba mawe na simiti. Alinunua viatu hivyo mtumba, jozi moja moja, kila akilipwa. Halafu akakodi kwa Mzee Kinyanjui, pale Kawangware 46, sakafu ya stoo ambayo haikumalizwa kujengwa, haina ukuta wala paa. Akaisawazisha simiti mpaka ikawa laini kama sahani. Mtoto analipa, anavaa, anateleza nusu saa. Mimi asubuhi nauza omena, dagaa wa ziwani kwetu, Kisumu Ndogo kule Kibera, na mchana navuka kwenda kumkalia mlangoni, kwa sababu mwanangu hajui kumkataa mtu.

Biashara hiyo ina msimu wake kama mahindi. Shule zikifungwa, watoto wanajaa. Zikifunguliwa, tunangoja Jumamosi, na Jumapili watu wakitoka kanisani. Mwaka huu likizo ya Aprili ilikuja na mvua yake, na simiti ikilowa hakuna kuteleza, ni kuanguka tu. Tulikaa chini ya mwavuli mmoja, mimi na Dalmas, tukitazama matone yakicheza uwanjani bila kulipa.

Ila nisiisingizie mvua kila kitu. Hata siku za jua uwanja ulijaa na mkebe wa pesa ukabaki mwepesi. Siku moja nikamuuliza, "Huyu wa shati jekundu amelipa?"

"Huyo ni wa Seline wa Lindi, huko kwako Kibera. Seline ni msichana wa kwetu, mama. Mtoto ananiita nera, halafu nimwambie leta pesa?"

Nera ni mjomba kwa Kijaluo. Kwetu mtoto wa dada akifika kwa mjomba wake haulizwi kitu. Hata akishika kuku uani, mjomba anatafuta kisu na kunyamaza. Hiyo naijua, nimemlea nayo mwenyewe. Lakini nyumbani watoto wa dada ni wanne, watano. Kibera nzima ina dada wangapi?

Na watoto wana macho. Wale wa Kawangware waliona wenzao wakiingia bure kwa neno moja, wakalishika. Jumamosi iliyofuata akaja msichana mwenye pengo mbele.

"Niaje, nera," akamwambia Dalmas.

"Wewe mama yako anatoka wapi?" nikamuuliza mimi.

"Hapa hapa."

"Ni Mjaluo?"

"Zii, shosh," akanijibu kana kwamba mimi ni nyanya yake. "Anaitwa Wamuyu. Lakini huyu ni nera."

Nikamtazama Dalmas anisaidie. Alikuwa ameshapiga magoti anamfunga kamba. Msichana huyo aliitwa Beth, na alikuja kila wiki.

Kodi ya mwezi wa nne haikupatikana. Ya tano nusu. Jumamosi moja mchana, jua limejitokeza kidogo na watoto wanateleza, Mzee Kinyanjui akaingia na kofia yake na fundi mwenye futi ya kupimia.

"Mama Dalmas, habari ya Kibera?"

"Njema, Baba. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kusema mbele yako ili kijana asiseme nimemvizia. Mwisho wa mwezi najenga nyumba za mabati hapa, vyumba kumi. Vyumba havijui mvua ni nini."

Dalmas aliangalia ile simiti yake, na mimi nikamwangalia yeye. Nilijua akirudi mjengo mgongo wake hautamaliza mwaka, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa hicho kipande.

Wakati huo huo kitu kikapita mbio mbele yetu, kikageuka, kikamkumbatia mzee miguuni.

"Guka, umeniona nikienda nyuma nyuma?"

Alikuwa Beth. Mzee akacheka mwenyewe bila kutaka. "Huyu ni wa binti yangu Wamuyu," akaniambia. "Kila Jumamosi mimi ndiye humpa pesa ya kuskate."

Nikaangalia mkebe. Dalmas akaangalia mawingu. Beth akaangalia viatu vyake.

"Beth," mzee akasema, "pesa zangu huenda wapi?"

"Nakula smokie, guka."

"Na hapa unaingiaje?"

"Dalmas ni mjomba wangu. Mjomba halipwi."

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. "Baba, kitendawili."

"Mama Dalmas, nina fundi hapa."

"Fundi naye asikilize. Nina mtoto ambaye sikumzaa. Mjukuu wangu anamwita mjomba na amevaa viatu vyake. Mimi nimeleta futi nipime pa kumbomolea. Mimi ni nani?"

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akajifanya anakohoa. Mzee alielewa, niliona mdomo wake ukicheza upande mmoja. Kama Dalmas ni mjomba wa Beth, basi ni kaka ya Wamuyu. Na kaka ya Wamuyu baba yake ni nani? Lakini mzee ni mgumu.

"Sijui," akasema. "Chukua mji. Nakupa Nakuru."

"Nakuru sina mtu. Nipe hapa."

"Hapa si mji."

"Jumamosi hapa kuna watu wengi kuliko Nakuru."

Akavua kofia, akajikuna. "Hata nikikuachia, mvua itarudi. Atanilipa na nini?"

"Nipe mpaka mwisho huo huo wa mwezi. Ukija ukute simiti imelowa, jenga vyumba vyako, na mimi nitakushikia futi."

Akamwambia fundi akunje kifaa chake.

Jumatatu nikaacha omena kwa jirani, nikazunguka. Lindi, Kisumu Ndogo, 46, nyumba kwa nyumba, kwa kila mama ambaye mtoto wake aliteleza bure. Nilisema jambo moja tu: kaka yako nyumba yake inavuja, dada analeta bati moja.

"Shosh, mimi ni Mkamba," Kaluki akaniambia akifua nguo. "Nimekuwa dada ya Mjaluo lini?"

"Tangu wako aanze kuteleza bure. Miezi mitatu."

Alicheka mpaka povu likamwagika. Bati lake ndilo lililofika la kwanza, la bluu. Seline alileta lililokuwa na matundu ya misumari, tukayaziba na lami. Wengine walichanga wawili wawili. Wamuyu alileta matatu, na nguzo zikaja kwa mkokoteni. Aliyeusukuma alisema ametumwa na mzee wa kofia na ameambiwa asiseme.

Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi mvua ilimwagika tangu asubuhi. Watoto walikuwa ndani, kavu, kelele za mabati zikizidi kelele zao. Dalmas alikuwa amebandika kadibodi: siku ya wajomba ni Jumatano, siku nyingine kila mtu analipa. Tulibishana siku mbili juu ya hiyo Jumatano. Alishinda yeye.

Mzee Kinyanjui akaja na mwavuli. Akainama, akagusa simiti kwa kidole, akakiangalia. Halafu akatia mwenyewe pesa za Beth mkebeni, akakaa kwenye kiti alichokikataa siku ile.

"Kitendawili, Mama Dalmas."

"Tega."

"Nyumba yangu ina paa la rangi tisa na haina ukuta hata mmoja."

Paa lilikuwa pale pale juu ya vichwa vyetu, la bluu la Kaluki, jekundu, lenye kutu, lile la lami. Nikafikiri sana. Nikatikisa kichwa.

"Umenishinda, Baba," nikamwambia. "Nakupa mji. Chukua Kisumu."